Shahidi wa Ukoo

Juu ya Mlali,
11 Februari 2024

Mwanangu Devotha,

Marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo nayo yameamua kustaafu. Ukinipigia simu nasikia mvumo tu kama wa zile mashine za nyuzi za kiwandani, halafu nafoka bure nikidhani umekata. Kwa hiyo tuendelee hivi hivi kwa barua. Severini akishuka na njegere zake sokoni anapita Msamvu kwa yule wakala wa basi kuulizia bahasha. Mara nyingi anarudi mikono mitupu. Sikulaumu, nakueleza tu anavyorudi.

Makaratasi yako ya wosia nimeyapata. Nimeyasoma mara mbili, nikayaweka chini ya godoro, nikalala vibaya. Huku mlimani mtu akianza kuandika wosia majirani wanaanza kupima mbao. Marehemu Mosi aliandika Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Najua utasema alikuwa mgonjwa tayari. Ni kweli, lakini alikuwa mgonjwa miaka sita bila kufa, na alipoandika tu, akafa. Kuandika wosia ni kujichuria.

Hata hivyo nimekuelewa, maana wewe umekulia mjini lakini mila yetu unaijua. Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wewe ni wa ukoo wa marehemu mama yako. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, na Severini, kwa kuwa ni mtoto wa marehemu dada yangu, ndiye wa ukoo wangu. Shamba hili ninalolikalia ni la ukoo, siwezi kukupa hata nikitaka. Nikifumba macho Severini ataendelea kulilima, na ndivyo inavyopasa.

Nyumba ya Kihonda kule mjini ni jambo jingine. Ile haikutoka kwenye ukoo. Niliijenga kwa miaka thelathini na moja ya kufunga na kufungua mashine, na kila tofali mama yako alilimwagilia maji. Ile ni yako. Lakini nikifa bila maandishi, wazee watakaa kikao cha nusu siku na kusema mali ya mjomba ni ya wapwa. Wapwa ninao saba, na sita kati yao nikikutana nao sokoni lazima waanze kwa kunitajia majina ya mama zao.

Ila lile banda la uani, vyumba viwili, nataka liwe la Severini. Tangu mama yako afariki, yeye na mkewe Winfrida ndio wananipikia, wananifulia, na kunikata kucha za miguu. Kucha zangu unazijua, mtu hazikati kwa tamaa ya banda. Usinune.

Pasaka unakuja? Mwaka wa tatu huu.

Baba yako,
Kasimiri


Songea,
25 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Sijanuna. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Habari njema kwanza. Pasaka nakuja. Ruhusa nimeshaomba shuleni. Nitafika Alhamisi Kuu jioni na nitakaa wiki nzima, na hizo kucha nitazikata mwenyewe. Funga jogoo mmoja mapema, asije akaliwa na kicheche kabla yangu. Nakuja, baba, safari hii hakuna la kunizuia.

Sasa wosia. Haumwui mtu. Bi Glory, msaidizi wa sheria wa mtaani kwetu, amenipa karatasi yenye kanuni, nazo ni tatu. Ya kwanza, uandike ukiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu. Ya pili, utaje mali na umtaje mtu kwa jina lake, bila kuzungukazunguka. Ya tatu, wawepo mashahidi wawili wanaokuona ukisaini, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Wa nje awe katekista Yeremia, anaheshimika. Wa ukoo awe Severini mwenyewe. Fikiria, baba: yeye ndiye mpwa mkubwa. Akishaweka sahihi yake kwamba nyumba ni yangu, wale sita watafungua mdomo kusema nini? Asisaini mwingine, asaini Severini. Hilo nalisisitiza.

Kuhusu banda, ni hiari yako. Mali ni yako, na mkono mtupu haulambwi.

Wasalimie Severini na Winfrida. Nakuja.

Mwanao,
Devotha


Juu ya Mlali,
14 Aprili 2024

Mwanangu Devotha,

Marahaba. Jogoo tulimfunga. Nilikaa barazani Alhamisi, nikakaa na Ijumaa. Winfrida anasema Pasaka imepita wiki mbili sasa. Sikumbuki kama tulikwenda kanisani. Jogoo sijui tulimla au yupo.

Makaratasi ya wosia nimeyaficha mahali pazuri sana, mahali ambapo hakuna mtu atakayeyaona, na mimi mwenyewe sasa siyaoni.

Severini akishuka na njegere anapita Msamvu kuulizia bahasha. Mara nyingi anarudi mikono mitupu.

Mama yako anakusalimu. Ameshuka mtoni tangu asubuhi hajarudi. Nataka kumfuata ila wamenificha viatu.

Severini akishuka na njegere anapita Msamvu.

Baba yako


Songea,
5 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa Pasaka. Shule ilikuwa na mitihani, mkuu akafuta ruhusa zote siku ya mwisho. Nilikuwa nimeshafunga begi. Sikupata hata namna ya kukujulisha mapema.

Barua yako imenitisha. Mama ana miaka minane kaburini, baba, na wewe ndiye uliyechagua mahali pa kumlaza. Naamini uliandika ukiwa umetoka usingizini. Au unaumwa? Kama unaumwa niambie. Nikimpigia Severini ananijibu "mjomba yupo tu, dada", halafu mtandao unakatika. Kuwapo tu ndiyo nini?

Wosia uandikwe mwezi huu. Nakuomba kwa magoti. Ile kanuni ya akili timamu usiichezee, na mambo ya mashahidi yawe kama nilivyokuandikia. Nikishajua hilo limekwisha nitalala.

Mwanao,
Devotha


Juu ya Mlali,
9 Juni 2024

Mpendwa binti yangu Devotha,

Natumaini ya kuwa hujambo na unaendelea vema na kazi. Mimi baba yako sijambo, namshukuru Mungu. Lile la mama yako ilikuwa ni ndoto, usiwe na wasiwasi.

Napenda kukufahamisha kwamba wosia umeandikwa na kusainiwa Jumapili tarehe 2 Juni, baada ya misa. Nyumba kubwa ya Kihonda ni yako, na banda la uani ni la Severini. Mashahidi ni Severini kwa upande wa ukoo, na katekista Yeremia kwa upande wa nje. Nakala moja ipo kwa Padri na nyingine ipo ndani ya bahasha hii.

Hapa hatuna shida yoyote. Ukipata nafasi, uje. Hata kama ni siku mbili.

Ni mimi baba yako,
Kasimiri


Songea,
30 Juni 2024

Severini,

Baba yangu hajawahi kuniita mpendwa. Tangu nizaliwe ananiita mwanangu, na akikasirika ananiita we binti. "Napenda kukufahamisha" ni maneno ya mwenyekiti wa kitongoji. Umemwandikia wewe. Mwandiko ni wako, naukumbuka kwenye daftari lako la shule, ukinikalia pembeni pale Kihonda nikikufundisha hesabu za kugawanya.

Mwandiko na sahihi kwenye wosia ni vyake, hilo nalikubali, ingawa vimetetemeka. Lakini nataka unijibu mambo haya bila kuzunguka. Kwa nini barua haandiki mwenyewe? Kwa nini simu yake haipatikani, na yako inakatika kila nikiuliza afya yake? Nani alimficha viatu, na kwa nini? Mzee wa miaka sabini na sita anafungiwa ndani ya nyumba kama kuku anayeatamia?

Banda umeshalipata. Sasa unangoja nini? Una watoto wanne na shamba la mteremko, naelewa mahesabu yako. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikudhani kingekuwa na sura yako.

Mpe simu. Hata kama hasikii, nataka nisikie anavyopumua.

Devotha


Juu ya Mlali,
21 Julai 2024

Dada Devotha, shikamoo.

Ni kweli, mwandiko ni wangu. Mjomba mkono unamtetemeka. Viatu nilivificha mimi.

Mengine yote amenikataza kuyasema. Aliniapisha mwaka jana, nikiwa nimeshika rozari ya marehemu mama. Unajua kiapo cha mjomba kwa mpwa wake kwetu ni kitu gani, sitakivunja akiwa hai.

Neno moja tu hakunikataza. Njoo. Usingoje Krismasi. Kama ni nauli, niambie bila aibu. Njegere mwaka huu zimekubali, nitauza gunia moja nikutumie. Winfrida anasema uje hata kama ni kulala usiku mmoja.

Mdogo wako,
Severini


Songea,
26 Januari 2025

Severini,

Ni wiki kumi tangu tumzike baba, na sasa naweza kukuandikia.

Ulinipigia Ijumaa asubuhi kwamba amefariki alfajiri. Basi liliharibika Makambako, tukalala barabarani. Nilipofika Jumapili jeneza lilikuwa limeshafungwa na watu wamesimama tayari kwenda. Wakafungua kwa ajili yangu dakika moja. Sikumtambua, alikuwa amekonda kiasi kwamba suti ya harusi yangu, aliyoivaa akiwa ameshiba, ilikuwa imemmeza. Na wewe ulichoona cha kuniambia, mbele ya ukoo mzima, kilikuwa "umechelewa, dada". Ndiyo maana nilikujibu vile nilivyokujibu, na sitaomba radhi. Matanga yaondolewe bila mimi, nilisema, na yakaondolewa bila mimi.

Nakuandikia kwa jambo la kisheria. Mahakama ya mwanzo imenithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Hakimu ameusoma wosia. Nyumba kubwa ni yangu kama ilivyoandikwa. Kuhusu banda, sheria haimruhusu mtu aliyeshuhudia wosia kupata kitu kwa wosia huo huo. Wewe ulisaini kama shahidi. Kwa hiyo kipande kilichoandikwa kwa jina lako kimeanguka, na banda linafuata nyumba. Si mimi niliyesema, ni sheria.

Wapangaji wawili wa banda wameshajulishwa walipe kwangu. Shamba la mlimani ni la ukoo wenu, silitaki, kaa nalo. Namba yako nimeizuia. Ukiwa na neno, andika.

Devotha


Juu ya Mlali,
16 Februari 2025

Dada Devotha, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Sina ubishi na hakimu. Nilijua.

Nilijua kabla ya kusaini. Mwaka jana mwezi wa tano, tulipokuwa tunapanga mambo ya wosia kama ulivyoagiza, Yeremia alinivuta pembeni. Alikwenda semina ya sheria parokiani, kwa hiyo anaelewa. Akaniambia, "Severini, wewe umo humu kwa banda. Ukishuhudia, banda linakutoka. Tafuta mtu mwingine wa ukoo." Nikatafuta. Nilikwenda kwa wazee watatu, mmoja mpaka Dakawa kwenye mashamba ya mpunga. Wote walinijibu jibu moja: hawawezi kuweka mkono kwenye karatasi inayoitoa nyumba ya mjomba mikononi mwa wapwa. Mmoja alinitemea mate miguuni, akasema nimerogwa na watu wa mjini.

Sasa kiapo kimekwisha kwa kuwa aliyeniapisha hayupo, nitakueleza na lingine. Mjomba alianza kupotea mwaka juzi. Mwanzo alisahau majembe, kisha akasahau njia ya shambani aliyoipita tangu mtoto. Siku moja tulimkuta bondeni chini, amekaa kwenye jiwe, anasubiri zamu yake ya kiwandani. Siku nyingine ananiita jina la baba yangu. Viatu nilivificha kwa sababu alikuwa anashuka mtoni kumtafuta mama yako, na mto wetu wakati wa masika unaujua. Akili ikimrudi alikuwa analia kwa aibu, ndipo akaniapisha. Alisema, "Usimwambie Devotha. Atakuja kunichukua anipeleke Songea, nikapotee kwenye nyumba nisiyoijua hata choo chake kilipo." Hapa alipotea, lakini alipotea kwao.

Tarehe mbili mwezi wa sita aliamka mzima. Sijui nikueleze vipi. Aliniita kwa jina langu bila kukosea, akanyoa ndevu mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye ile redio mbovu, akafungua mgongo wake na kutoa makaratasi ya wosia tuliyoyatafuta mwezi mzima. Akasema, leo. Tukaenda kanisani. Akaandika mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwenye banda alinitazama akatabasamu. Yeremia akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilijua siku kama ile huenda isirudi tena, na haikurudi. Ningengoja shahidi mwingine, nyumba na banda vyote vingekwenda kikaoni. Nikasaini.

Tulipotoka Yeremia aliniuliza, "Huyo dada yako anaijua kanuni hii?" Nikamwambia angeijua angesema. Mpaka leo jibu langu ni hilo hilo.

Baada ya hapo giza likawa moja kwa moja. Kitu pekee ambacho hakikumtoka ni wewe. Kila asubuhi aliuliza, "Devotha kaandika?" Mwanzo nilimwambia ukweli, kwamba hujaandika. Akawa analia kama mtoto, halafu anasahau, anauliza tena, analia upya. Moyo haukuweza. Nikaichukua barua yako ya Februari, ile ya Pasaka, nikamsomea kwa sauti kubwa kwenye sikio la kushoto. Akafurahi, akamwambia Winfrida afunge jogoo. Kesho yake akauliza tena kama umeandika, nikamsomea tena. Kwake ilikuwa imefika siku hiyo. Tulimfunga jogoo kila asubuhi na kumfungua jioni mjomba akishalala, kwa karibu miezi sita. Barua yako ilimfikia zaidi ya mara mia na hamsini, na kila mara ulikuwa unakuja Alhamisi.

Nikifika kwenye zile kanuni tatu alikuwa ananisimamisha. Ananyanyua kidole, anasema, "Unasikia? Asisaini mwingine, asaini Severini. Devotha anakuamini." Kisha ananiambia niendelee.

Msibani niliposema umechelewa sikuwa nakusema wewe, dada. Ile Ijumaa alfajiri aliniambia nimtoe barazani, anataka kuangalia njia. Nilimwambia kuna baridi, asubiri jua lichomoze kidogo. Nilipomrudia alikuwa amekwisha. Mimi ndiye niliyechelewa, na nilipokuona tu maneno yalitoka yenyewe.

Wapangaji walipe kwako, nimewaambia. Mimi nina mikono na njegere.

Barua ya Pasaka imekatika kwenye mikunjo kwa kufunguliwa. Winfrida ameigandisha kwa gundi ya unga wa ngano. Nyingine zote nakurudishia kwa bahasha hii. Hiyo moja sikurudishii. Ukiitaka, njoo uichukue.

Mdogo wako,
Severini


Songea,
16 Machi 2025

Severini mdogo wangu, marahaba.

Kanuni zilikuwa nne.

Karatasi ya Bi Glory ninayo hapa mezani. Ya nne imeandikwa chini kabisa, kwa herufi sawa na zile nyingine: shahidi asiwe mtu aliyetajwa kupata chochote. Nilikuwa nimeisoma kabla sijamwandikia baba. Niliisoma, nikaikunja karatasi kwenye mstari huo, nikaandika kwamba ni tatu. Halafu nikaandika asaini Severini, na nikaongeza kwamba nasisitiza. Ulimwambia Yeremia kwamba ningeijua ningesema. Niliijua. Sikusema.

Tena nilikuandikia kwamba si mimi niliyesema, ni sheria. Niliandika sentensi hiyo nikiwa nimekaa wima kabisa kwenye kiti.

Sababu ninayo, ingawa haina kazi tena. Shule ilinipunguza Januari ya mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya barua ile. Hakukuwa na ruhusa ya kuomba, wala mitihani, wala mkuu wa kufuta chochote. Begi sikulifunga. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, mume alishaondoka zamani, michango yangu ya uzeeni haikufika hata nusu ya kunipa pensheni, na nauli ya Pasaka ndiyo niliyolipia chumba. Nyumba ile ilikuwa ndiyo uzee wangu wote. Nilipoona baba anakata vyumba viwili, niliona kama anakata kwenye mwili wangu. Sikuwaza kucha zake wala anayezikata. Nauli yako ya gunia la njegere niliikataa kimya kimya kwa sababu ningeipokea ningelazimika kusema kwa nini sina.

Na barua yenyewe mmemsomea hiyo hiyo. Katika zote nilizowahi kumwandikia baba yangu, mmemsomea ile moja yenye uongo mara mbili, na akaifurahia mara mia na hamsini.

Jumatano nilikwenda kwa mwanasheria. Banda nimeliandika kwa jina lako, kama zawadi kutoka kwangu, na wapangaji wameambiwa. Sinunui msamaha, ni lako tangu tarehe mbili Juni. Shahidi ni Bi Glory. Nimehakikisha hakutajwa popote humo ndani kupata chochote.

Namba yako nimeifungua. Sijapiga, maana haya nilitaka uyasome kwanza.

Pasaka mwaka huu ni tarehe ishirini Aprili. Nauli ninayo, nimeiweka mbali na ya chumba. Nataka kuisoma ile barua pale kaburini, kwa sauti kubwa, upande wa sikio la kushoto, na safari hii nitamsomea na kanuni ya nne. Ukitaka kusimama mbali nisomapo, nitaelewa.

Nitafika Alhamisi Kuu jioni. Jogoo msimfunge mpaka mmeniona kwa macho.

Dada yako,
Devotha